Mapazia ya Hema

Juzi, katika soko la Nyawera, nilinusa turubai jipya lililoanikwa juani, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Nguba. Papa alikuwa akikunja turubai kama lile barazani. Alituambia tunakwenda kupiga kambi Sange, tutalala nje na kuchoma mahindi. Nilifunga sufuria ndani ya blanketi huku nikiimba. Sebuleni, Maman alikuwa akishusha mapazia, moja baada ya jingine.

“Maman, hema haiko na madirisha,” nilimwambia.

“Tutaona kule,” alijibu bila kugeuka.

Nyumba ilikuwa ya kazi ya Papa, na kazi ilikuwa imekwisha. Hayo niliyajua baadaye. Getini alisimama mama nisiyemfahamu, amekumbatia mapazia yake mwenyewe. Nilidhani naye anakuja kambini.