Mahari yangu iko kwenye chupa huko Ulaya

Wakuu, habari zenu. Waliozaliwa kabla yangu shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Mjukuu ndiye anayechapa, mimi naongea tu. Hii si chai, niliyaona kwa macho haya.

Enzi za Mwingereza, kwetu Mandewa, Singida, alikuja mzungu wa chuo kikuu akapiga hema kando ya ziwa. Kutwa anaburuta wavu wa kitambaa laini majini, halafu anakamulia maji ya kijani kwenye chupa.

Karani wake alituambia anasoma vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Alianzia pwani, maana baharini ndivyo chakula cha samaki, sasa anataka kulinganisha na maziwa yetu ya chumvi.

Tukacheka, tukaendelea na mambo yetu. Mimi nilikuwa na langu, nilishachumbiwa.

Siku ya mahari ikafika. Ng'ombe walitoka Ihanja na baba mkwe na ndugu zake, mwendo mrefu, jua kali.

Ninyi wa mahari za kutuma kwa simu hamjui haya. Kwetu ng'ombe wa mahari hachapwi fimbo njiani wala hazuiwi maji. Ukimzuia umeanza ndoa kwa ubahili.

Basi walipofika ziwani wakaachwa wanywe, tena upande ule upepo ulikosukumia ukijani, mzito kama uji. Sisi wenyeji pale hatunyweshi, tunakimbia harufu tu, lakini wageni wangejuaje?

Nimesimama uani, nimepakwa mafuta, nawaona wanapanda kuja kwetu. Wa kwanza akatetemeka, akapiga magoti. Akafuata wa pili. Wakuu, walianguka wote mbele ya boma, hata zizini hawakuingia.

Shangazi wa bwana harusi akanitazama mimi, hakutazama ng'ombe.

"Huyu binti ana mkosi. Turudi."

Neno hilo likishasemwa, hakuna wa kukuoa tena, si Ihanja, si Iguguno.

Mara yule mzungu akaja mbio na chupa zake. Nikadhani anakuja kutupa pole. Akaomba kisu, akapasua tumbo la ng'ombe, akajaza chupa ule uji wa kijani. Alikuwa anatabasamu.

Halafu akamwita baba mkwe achungulie kwenye hadubini. Mzee akachungulia weee. Karani akatafsiri kwamba ni vile vijimea, joto likizidi vinazaana sana, na aina hii ina sumu.

Baba mkwe akauliza, "Amejua lini?"

Karani akajibu, "Tangu wiki iliyopita. Alikuwa hajamaliza utafiti."

Baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kumjibu mzungu, akasema, "Mwambie hema lake na boma langu tunasikiana kukohoa. Angesema tu."

Kusikia alijua wiki nzima asituambie, nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa ng'ombe. Mpaka leo sijapoa.

Baba mkwe akamgeukia dada yake. "Binti hana mkosi. Maji ndiyo yana mkosi." Akaleta mbuzi, nikaolewa; mzungu akarudi kwao Ulaya na chupa zake. Mume wangu akiniudhi nilikuwa namwambia hajanioa bado, mahari iko chupani Ulaya.

Ninyi wasomi, mkijua jambo la kuua, waambieni kwanza wanaokunywa. Kitabu kitangoja.

Na kama kuna mwanachama anasoma huko Ulaya, akikuta kabatini mwa chuo chupa ya kijani imeandikwa Singida, ajibu hapa. Awaambie ina mwenyewe, na bado yuko hai.