Ubavu wa Kushoto

Fundi anayetujengea njia ya mwanga, kutoka dirisha la paani, kupitia darini, hadi chumbani kwa mke wangu Solveig, huvua buti mlangoni hata akiwa amebeba bodi ya jipsamu kichwani. Hupachika pamba ya kuzuia baridi kipande kwa kipande, kisha hulamba kiganja na kukipitisha kwenye kila kiungo. Akihisi upepo husema, "Baridi hiyo," anabandua, anaanza upya. Siku tatu sikumsikia akisema lingine.

Jana, bodi zote zikiwa zimefungwa na kupigwa lipu, nilimpelekea kahawa nikamkuta amejinyoosha sakafuni, pale kitanda cha Solveig kitakaporudishwa.

"Umechoka, fundi?"

"Mama hulalia ubavu gani?"

"Wa kushoto tu. Wa kulia umepooza."

Akageukia kushoto, akatazama juu kitambo.

"Nabomoa upande huu niupanue."

"Si umeshamaliza?"

"Kutoka hapa haoni mbingu. Anaona bodi."

"Basi kunywa kahawa kwanza."

"Kunywa wewe," akasema, akashuka kuchukua msumeno. Kahawa nikaiweka chini. Nikajilaza palepale, kwa ubavu wa kushoto.

Kweli. Bodi tupu.