Kichwa Kilichorukwa

Sabuni ya mche ikichanganyika na maji ya moto na nywele zilizokatwa sasa hivi hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo. Si mbaya, si nzuri. Wiki iliyopita niliikuta tena kule Maposeni, kwenye matanga ya Shangazi Odilia. Msinipe pole. Sikwenda kulia. Shangazi Odilia sikumpenda akiwa hai, na kufa hakujamfanya awe mwema.

Nawaambia mapema, msije mkadhani mnasoma habari za bibi aliyesamehe. Mimi shule niliishia darasa la nne, kuzungusha maneno sikufundishwa.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya jembe lililogonga jiwe. Baba alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, shamba zuri la mahindi bondeni, na mtoto mmoja tu, mimi. Basi nilijiona malkia. Nilikula likolo, ile mboga yetu ya majani ya maboga na karanga, nimekaa kwenye paja la Baba, wakati watoto wenzangu wako shambani wanafukuza ngedere. Nywele zangu zilikuwa nyingi, na kila Jumamosi Mama alizipaka mafuta ya nyonyo akazisuka. Shangazi akipita hushika msuko mmoja akauvuta.

"Nywele hizi hazijawahi kuota kwenye ukoo wetu," husema.

Nilidhani ananisifu.

Baba alikufa kwa kifua, mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunwa. Nilikuwa na miaka saba. Sasa kwetu, siku ya kumaliza matanga, watu wa marehemu hunyolewa. Ukinyolewa, maiti ilikuwa yako. Usiponyolewa, ulikuja kula ugali. Na anayenyoa ni mtani, kwa sababu mtani ana ruhusa ya kuwatukana wafiwa bila kupigwa.

Mtani wetu alikuwa mzee mmoja Mbena, mnene, mwenye kucheka na tumbo lote. Alikaa kwenye kigoda uani, beseni la maji ya sabuni mbele yake, sisi tumepangwa kwenye mkeka. Akaanza na Mama, mjane, kwa heshima, bila neno. Alipofika kwa Shangazi akaunyanyua wembe juu akautazama.

"Odilia, kichwa chako hiki wembe wangu umekiona, unaomba likizo."

"Nyoa, funga mdomo," Shangazi akamjibu. "Kwenu mnazika mpaka mbwa."

"Ndiyo, na mbwa wetu wanainamisha vichwa vizuri kuliko wewe."

Watu wakacheka, pombe ya komoni ikazunguka. Akamnyoa binamu yangu Menradi, mtoto wa Shangazi, akatangaza kwamba kichogo kile kinafaa kukalishia mtungi. Mimi nilikuwa nafuata. Nililia kimyakimya, si kwa ajili ya Baba, Mungu anajua, ni kwa ajili ya misuko yangu.

"Haya, na kibuyu hiki kidogo," mtani akasema, akaninyooshea mkono.

"Huyo mruke," akasema Shangazi.

Mtani alidhani ni utani unaendelea. "Nimruke? Kwani ni shimo?"

"Mruke. Ndugu yangu hakuacha mtoto."

Kicheko kikakatika. Mimi, mjinga wa watu, nilifurahi. Nilielewa kitu kimoja tu, kwamba misuko yangu imepona. Hata nilimtolea Menradi ulimi, yeye na upara wake unaong'aa.

Ndipo Mama aliposimama. Mama alikuwa mfupi, mpole, mtu wa kusema ndiyo. Shangazi hakumpa nafasi ya kufungua kinywa.

"Wifi, jambo hili tulishaliongea. Mtoto wa watu arudi kwa watu. Wewe kaa, nyumba ni yako, shamba ni lako, hakuna wa kukugusa. Lakini ukimnyoa huyo, umetuwekea mrithi wa barabarani. Basi mwende wote wawili."

"Wifi, mahindi bado hayajavunwa," Mama akasema polepole.

"Ndiyo maana nakwambia ufikiri."

Mama akafikiri. Niliona akiutazama mlango wa nyumba, akaitazama njia ya bondeni, akanitazama mimi. Halafu akamgeukia mtani. "Lete wembe."

Mtani akaangalia pembeni, lakini akampa. Mama akanikalisha kati ya magoti yake. "Inamisha kichwa," akaniambia, na hilo ndilo neno la mwisho alilolitamka katika ua ule.

Sikuinamisha. Nilipiga mateke, nilimng'ata mkono. Wembe ulikuwa umeshapita vichwa vingi, umekuwa butu, na Mama hakuwahi kumnyoa mtu. Alinikwangua kama anayeparua samaki. Nyuma ya sikio la kulia akanikata, damu ikadondokea kwenye povu, na harufu ile ya sabuni na nywele ikaniingia puani mpaka leo. Alipomaliza nilikuwa na viraka kama mbuzi mwenye ukurutu. Shangazi akalinyanyua beseni, akatumwagia yale maji miguuni.

"Haya. Chukua kichwa chako."

Asubuhi tuliondoka na jembe, sufuria, blanketi na kuku mmoja ambaye alitukimbia njiani, akarudi Maposeni. Sikumlaumu. Tulifika Matogoro kwa mtu aliyetupatia kijumba cha udongo chini ya mlima, na Mama akaanza kulima vibarua kwenye mashamba ya watu na kubeba kuni kwenda kuuza mjini. Kule ni baridi. Ukungu ulikuwa unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, na mimi sina nywele.

Kwa akili yangu ya miaka saba, tulifukuzwa kwa sababu Mama alikuwa kinyozi mbaya. Niliamini hivyo kabisa. Niliwaeleza hata majirani: shangazi yangu alikasirika kuona kichwa changu kimeharibiwa. Jioni moja nilimwambia na Mama mwenyewe, "Ungemwacha yule mzee aninyoe, tungekuwa kwetu tunakula mahindi."

Mama alinisogezea sahani. "Kula," akasema.

Niliendelea kula bila kuuliza mpaka nilipokuwa msichana wa kuposwa. Watu wa mume walitaka kujua ukoo, na Mama hakutaka kuwadanganya. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akasema bila kuacha kazi, punje zinaanguka kwenye ungo: "Aliyekuzaa alitoka Tunduru. Alikuja kuvuna tumbaku, ana mimba, hana mtu. Alijifungulia kwetu. Alikufa kabla hujamaliza kulia kilio cha kwanza. Mimi sikuwa nimejaliwa. Baba yako akasema, huyu ni wetu, na asiambiwe."

"Na jina lake?"

"Alisema anaitwa Zainabu. Zaidi ya hapo sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kukupenda."

Nikauliza kwa nini aliliacha shamba, na Mama akakasirika, mara moja tu katika maisha yake mbele yangu. "Shamba linabebwa mgongoni? Shamba linaniita mama? Pukuchua mahindi."

Tunduru sijawahi kwenda. Korosho zao nakula, basi.

Sasa wiki iliyopita Menradi, ambaye siku hizi ni mzee mwenye upara usiohitaji mtani, alinipigia simu. "Dada, Mama ametutoka. Ukoo unakuita. Wewe ni mtoto wa kaka yake, uje unyolewe na wenzako." Nikapanda gari nikaenda. Nyumba ya tofali bado ipo, imewekwa bati jipya. Nikakalishwa kwenye mkeka, uani palepale. Siku hizi wanapaka sabuni kidogo na kukata kishungi tu cha nywele, kama ishara. Kijana mwenye wembe mpya alifika kwangu, akasema, "Shikamoo, Bibi, inamisha kidogo."

"Marahaba," nikamjibu. "Mimi niruke."

Akamtazama Menradi. Menradi akapiga magoti karibu yangu. "Dada, hayo mambo ya zamani."

"Ndiyo, na mimi ni wa zamani. Aliyelala kaburini pale ndiye aliyesema kaka yake hakuacha mtoto. Leo nimsute maiti kwamba alikuwa mwongo?"

Nikala ugali wao, kwa maana ndicho anachojia asiyenyolewa, nikarudi Matogoro na mvi zangu zote.

Kufiwa kwangu kulishapita. Siku Mama alipofariki sikungoja mtani wala matanga kwisha. Nilizunguka nyuma ya nyumba na kipande cha sabuni na wembe, nikanyoa kichwa kizima, bila kioo. Nikajikata palepale, nyuma ya sikio la kulia. Binti zangu waliponiona na viraka vile na damu shingoni, walishika vichwa: Mama, umejiharibu, mbona hukumwita kinyozi.

Nikawaambia, ndivyo tunavyonyoa kwetu.