Piko Mikononi mwa Dada

Mwaka alioolewa dada yangu, hina ya majani ilikuwa imeanza kuonekana ya kizamani pale Kilwa Kivinje. Maduka yalikuwa yamefunguka. Baada ya miaka ya kupanga foleni kwa mche mmoja wa sabuni, rafu zilijaa manukato, khanga za mitindo mipya, biskuti za maboksi, na vile vikopo vidogo vya unga mweusi wa kupaka mvi. Wazee waliununua kwa ajili ya ndevu zao. Wanawake waliukoroga, wakauita piko, wakachorea maua mikononi mwa maharusi. Hina hutoa rangi ya kutu. Piko ilitoa weusi wa wino, tena ilikauka kabla chai haijapoa. Nani angekesha tena na majani yaliyopondwa viganjani?

Dada alikuwa amepakwa piko siku ya Idi na hakuota hata kipele. Kwa hiyo Jumapili ya wiki ya harusi mchoraji alikaa naye ukumbini, akamshushia mchoro wa mzabibu mweusi kutoka kwenye viwiko hadi kwenye kucha. Mimi nilimpepea, nikamwonea wivu.

Kwetu mikono ya bibi harusi si jambo dogo. Wanawake wa upande wa bwana huingia chumbani, wakamkuta ameinamisha macho na mikono ameilaza mapajani, nao huisoma mikono ile kabla hawajamtazama usoni. Wa shemeji yangu walikuwa wanatoka Mingoyo, na walisifika kwa kusema maneno ya taratibu ambayo huchukua miaka kusahaulika.

Jumatatu jioni mikono ikaanza kuwasha. Kulipokucha Jumanne vidole vilikuwa vimenenepa kama mihogo, na juu ya kila jani la ule mzabibu yamepangana malengelenge.

"Harusi tuisogeze," mama alisema. "Watasema tumewapa mgonjwa."

"Nitaolewa Ijumaa," dada akajibu. "Mikono nitaiweka wapi, hilo ndilo sijui."

Somo yake, yule mama aliyemfunda, hakungoja wamalize. Alijifunga khanga kiunoni akatuongoza hadi zahanati, mimi nikimshikia dada mwavuli.

Daktari alikuwa kijana wa uwanda wa juu wa Wamakonde, mpya mjini. Aliitazama mikono kwa muda mrefu.

"Wewe mtoto wa bara," somo akamwambia, "mambo ya piko umeyajulia wapi?"

"Shikamoo, mama. Bibi yangu alichanjwa chale uso mzima kwa kisu. Maua ya mkononi yatanitisha?"

"Marahaba. Basi sema, rangi ina sumu?"

Daktari akasema rangi ni mchokozi tu. Uvimbe huu ni kazi ya mwili wenyewe. Siku ya Idi walinzi wa mwili waliiona rangi hii kwa mara ya kwanza, wakaikariri kimya kimya. Safari hii waliitambua. Akaeleza kwamba kila seli ya ngozi ina vipokezi kwenye ukuta wake, mithili ya milango inayongoja hodi. Habari ikibisha, aliye mlangoni humpa aliye nyuma yake, huyo humpa wa tatu, hadi habari ifike kwenye kiini, yalikotunzwa maagizo yote ya seli. Humo agizo hufunguliwa, na seli nayo huanza kutengeneza habari zake za kuwapelekea jirani. Mishipa ya damu hulegea, maji huvuja, askari humiminika. Huo ndio wekundu, joto na uvimbe.

"Kumbe wanaalikana," somo akasema. "Kama sisi tunavyopita nyumba kwa nyumba."

"Ndivyo hasa, mama."

"Na anayewaambia shughuli imekwisha, warudi makwao, ni nani?"

Daktari alicheka, lakini nilimwona amelipenda swali. Alisema mwili una wasuluhishi wake, isipokuwa huchelewa, na Ijumaa haichelewi. Akatoa vidonge. Dawa hii, alisema, haisimami mlangoni. Hupenya mpaka kiini na kuyafunga yale maagizo, mialiko isitoke tena. Mwili wenyewe hutengeneza kitu cha jamii yake, ila kidogo.

"Itapoa kabla ya Ijumaa?" dada akauliza. Ndiyo maneno pekee aliyoyasema pale.

"Uvimbe utashuka. Ngozi itakuwaje, siwezi kukuahidi. Na piko usiiguse tena maisha yako yote. Walinzi hawa hawasahau."

Uvimbe ulishuka kweli. Alhamisi vidole vilikunjika, malengelenge yakanywea, ngozi nyeusi ikabanduka kidogo kidogo. Ijumaa asubuhi tulipomwogesha tukaona kilichobaki chini yake: mzabibu uleule, jani kwa jani, mwekundu, umeinuka kidogo juu ya ngozi kama taraza ya kanzu. Mama akatafuta glavu za lesi. Dada akakataa kuzivaa.

Wa Mingoyo wakaingia. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliunyanyua mkono wa dada akaugeuzia dirishani.

"Piko nyekundu," shangazi akasema. "Sijapata kuiona. Mmeitoa duka gani?"

"Haiuzwi," somo akajibu. "Hutoka ndani."

"Na mchoraji?"

"Si huyo umemshika mkono?"

Msichana mmoja, mdogo wa bwana harusi, akajipenyeza mbele akasema naye ataitaka siku yake. Hapo dada akafanya jambo ambalo bibi harusi hafanyi: akainua macho, akasema.

"Wifi, usiiombe. Inawasha hadi kwenye mfupa."

Kisha shangazi akatikisika mabega, kicheko kikampanda kutoka tumboni, naye akakimalizia kwa kigelegele kirefu, mkono wa dada akiwa bado ameukumbatia kifuani.