Mbwa wa Elimringi na Damu ya Jirani

Elimringi aliuza mabomba na koki za maji kwa jumla pale Kariakoo, na hakuna jambo duniani ambalo hakujifanya analijua. Alinunua mbwa mkubwa wa Kijerumani, akamwita Jenerali, akamfunga mnyororo uani kwake Ilala ili wageni wajue wameingia kwa mtu mzito. Kumwogesha hakutaka. Mkewe Josepha alipomwonyesha kupe waliojaa masikioni mwa mbwa, wamevimba kama maharage, alicheka tu. Dawa ya kupe, alisema, ni ya vijibwa vya kubebwa kwenye pochi.

Haukupita muda Jenerali akaacha kubweka. Akawa analala tu, chakula hagusi. Elimringi akampiga teke la ubavu na kumwita mvivu. Asubuhi moja Josepha akakuta mkojo wa mbwa sakafuni, mweusi kama kahawa. Hapo bwana mkubwa akapata jibu: sumu. Na aliyeitia alimjua pia, jirani yao Shashikant, mzee wa Kihindi muuza vitenge, ambaye aliwahi kulalamika kuwa kelele za mbwa zinamvuruga akisali. Akasimama mlangoni kwake akamtukana, mtaa mzima unasikia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu.

Josepha hakungoja. Alimpakia mbwa kwenye bajaji hadi Buguruni, kwa daktari wa mifugo aitwaye Krina, mwanamke asiye na maneno mengi. Krina alimfunua mdomo, akakuta fizi nyeupe kama karatasi. Akachukua tone la damu, akaliweka kwenye hadubini. Mara Elimringi akaingia akihema, anataka aandikiwe barua ya kupeleka polisi kwamba mbwa wake kalishwa sumu.

"Angalia mwenyewe," Krina akamwambia, akampisha.

Akainama, akafumba jicho hili, akafumba lile, akasema ameona. Hakuwa ameona kitu.

Krina akamgeukia Josepha. Kupe akinyonya, alimweleza, huacha vimelea kwenye damu. Vimelea hivyo huingia ndani ya chembe nyekundu, zile zinazosafirisha hewa mwilini, vikazaliana humo mpaka chembe zinapasuka. Rangi ya chembe zilizopasuka ndiyo ile iliyotoka na mkojo. Mbwa hakuwa mvivu. Alikuwa anavuta pumzi, lakini hewa haimfikii.

"Sindano nitampa," akasema, "ila damu aliyobaki nayo haitoshi. Nitafutieni mbwa mkubwa, mzima, amchangie."

Josepha alimjua mmoja tu, yule mpole wa Shashikant, asiyebweka ovyo. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

Basi Josepha akaenda mwenyewe, akamwamkia mzee shikamoo, akamwomba radhi kwa matusi ambayo hakuyatoa yeye. Mzee akavaa viatu, akamfunga mbwa wake kamba, wakaondoka.

Jenerali alipona polepole. Elimringi mpaka leo hajamwomba mzee msamaha. Akikutana naye njiani hujifanya anaongea na simu. Dukani huwasimulia wateja jinsi alivyougundua ugonjwa kwa macho yake, wadudu wanatambaa kwenye damu kama siafu. Wateja huitikia kwa kichwa, maana wanataka wapunguziwe bei.

Jioni Josepha humchukua Jenerali wakaenda kwa mzee kunywa chai. Mumewe haalikwi.