Mwanamke wa Viazi

Mamangu alikuja kukaa nami Richfield, Marekani, majani yalipoanza kupukutika, na kufikia Februari tulikuwa tunakwaruzana kwa vitu vya kijinga: moto wa jiko, mapazia, chai isiyokolea. Nilikuwa nimeshaamua abaki kabisa. Kumuuliza, bado.

Jumamosi moja nikaona heri nimtoe, la sivyo tungetoana macho. Tukapanda basi hadi Minneapolis, kwenye jumba la sanaa ninakokimbilia nafsi ikinisumbua. Kuna picha ya Kifaransa mle, ya karne ya kumi na tisa: mwanamke anachimba viazi. Mchoraji hakumpamba. Kucha zina udongo, shingo imeungua jua, na shamba limeinuka karibu lifike ukingo wa juu wa fremu. Mbingu imeachiwa ukanda mwembamba tu. Naichukia mbingu ile finyu. Kila nikimtazama yule mwanamke naona mtu aliyefungwa.

Nikaanza kumweleza mamangu, mikono ikienda huku na huko, mlinzi akinitazama: jinsi wachoraji wale walivyochoshwa na wafalme na malaika, wakaenda mashambani kuchora watu wa kazi. Hakunisikiliza. Alisogea, akaweka sawa mtandio wake, akamwambia yule mwanamke kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pole na kazi."

Nikacheka. Yeye hakucheka, wala hakubanduka. Nikazunguka ukumbi mzima, nikasoma vibandiko bila kuelewa chochote, nikarudi, bado yupo. Nikamwambia basi litatuacha. Nikamuuliza haoni alivyobanwa yule maskini, hana hata pa kuinulia kichwa?

"Hajabanwa," akasema. "Yuko shambani kwake. Mimi ndiye niliyebanwa, mwanangu. Tangu nije hapa hujaniachia hata sahani niioshe."

Iliniuma, nami nikiumia huanza kwa hasira. Nikamtajia joto la nyumba, hospitali iliyo karibu, kisukari chake. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akasema anataka awe amefika kwake kabla ya mvua za masika, apande mahindi.

Nilikuwa na mengine ya kumbishia. Badala yake nikamwambia ukweli, palepale mbele ya mlinzi, kwamba siwezi tena kukaa peke yangu katika nyumba ile ya Richfield. Mamangu akanishika mkono. Akasema hilo analijua tangu siku aliyofika, na bado atakwenda.