Kamba ya Kisima cha Susu

Wiki jana, sokoni Makindu, nilipita karibu na mama mmoja aliyekuwa akilowesha katani. Ile harufu yake, kali kidogo kama ya majani yaliyovunda, ikanirudisha hadi kisimani kwetu Tseikuru.

Kisima kilikuwa kando ya mto wa mchanga, na kamba yake aliisokota Susu, nyanya yangu, juu ya paja lake mwenyewe. Haikuwa kamba moja. Kila ukame ulipozidi maji yalizama, wanaume wakachimba zaidi, naye Susu akaongeza kipande na kupiga fundo. Vipande vifupi vilikuwa vingi, vya shubiri mbili tatu. Cha mwisho, cha mwaka aliozaliwa kaka yangu, kilimshinda baba kimo. Susu angeyapapasa mafundo hayo na kukwambia mwaka gani walikula nini.

Mimi, msichana wa miaka minane, niliona kamba tu. Tena mwaka huo mvua zilinyesha vizuri, maji yakawa juu, na nusu ya kamba ikakaa bila kazi. Nikachukua kisu, nikakata kile kipande kirefu, nikaenda kuruka nacho shuleni.

Kichapo nilikitarajia. Susu hakunigusa. Alikirudisha kipande chake mahali pake, kisha akaketi jioni tatu akinisokotea kamba yangu ya kuruka. Nilimpenda mno jioni hizo. Lakini kamba yenyewe ilikuwa ndefu ajabu. Wenzangu walisema hata ngamia angeiruka. Nikamwomba aipunguze.

“Usiikate, mwaitu,” alisema. Aliniita hivyo, maana yake ‘mama yangu’, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. “Akiba haiozi.”

Nikadhani ni uzee. Nikawa naizungusha viganjani mara tatu ndipo niruke.

Miaka miwili baadaye mvua zikakosa, za vuli na za masika, kisha zikakosa tena. Baba alichimba mpaka sauti yake ikawa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Maji yakaonekana, ila ndoo ikaning'inia hewani. Kamba ilikuwa imeisha, na mkonge wote ulikuwa umenyauka. Mbuzi walikuwa wamelala, hawalii tena. Susu akanitazama.

Nilikimbia nyumbani. Nilirudi na kamba yangu ya kuruka nikilia, maana nilijua sitaruka tena, huku nikiona aibu kulilia mchezo mbele ya mbuzi wenye kiu. Susu akaniachia nipige fundo mwenyewe. Ndoo ikateremka, tukaisikia ikigonga maji.

Kamba hiyo ya kisima sasa ninayo mimi. Nilipotoka sokoni niliitandaza uani, nikakipima kipande changu na kile cha mwaka aliozaliwa kaka. Changu kinakizidi kwa hatua moja. Ukame mbaya kuliko wote aliouona, na hatua moja juu yake: kumbe ndicho kipimo alichokitumia jioni zile tatu. Na angeweza kuiweka darini ingojee siku yake. Aliniachia niiruke kwanza.